Namna ya Kuufanya Ubongo Uukubali Mwili Usio Wako: Kutoka Glavu ya Mpira hadi Uhalisia Pepe

Fumba macho, nyoosha mkono wa kulia pembeni, kisha gusa ncha ya pua yako kwa kidole cha shahada. Karibu kila mtu mwenye afya huifikia pua, au huikosa kwa kitambo kidogo tu, ingawa hakuna jicho lililouongoza mkono huo. Misuli, kano na maungio vina vipokezi vinavyoutaarifu ubongo wakati wote kiungo kipi kiko wapi na kimekunjwa kiasi gani. Ngozi nayo hupeleka habari zake, macho yake, na kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio hueleza kichwa kimeinamia upande gani. Ubongo hausadiki shahidi mmoja peke yake. Huwasikiliza wote, huulinganisha ushahidi wao, na unapopatana kwa wakati na kwa mahali, hukata shauri kwamba mkono huu ni wangu na uko hapa.

Shauri hilo ndilo linaloweza kuchezewa. Miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kuyaonyesha dunia iliyochorwa na kompyuta, humteka shahidi mmoja, yaani macho, na kumlisha maneno mapya. Maneno hayo yakioana na ya ngozi na ya misuli, ubongo hukubali kuisogeza mipaka ya mwili ndani ya dakika chache. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulifanya jambo hilo kwa makusudi, jinsi ya kulipima, na jinsi ya kutoka ndani yake salama. Nimeuandika nikiwafikiria walimu wa sayansi, vikundi vya wanafunzi wa vyuo, na yeyote aliyeazimwa miwani ya aina hiyo kwa siku mbili na hataki ziishie kwenye michezo ya kupigana. Jambo moja nitalirudia, kwa sababu watu wengi hulikosea: kinachouhamisha mwili si uzuri wa picha, bali ni kupatana kwa wakati.

Anza na glavu

Kabla ya kuvaa chochote usoni, fanya jaribio ambalo Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walilieleza mwaka 1998 katika jarida la Nature, katika makala fupi mno. Gharama yake ni ndogo, na aliyelielewa ataielewa miwani upesi zaidi kuliko aliyeanzia kwenye miwani.

Utahitaji glavu moja ya mpira ya kuoshea vyombo, ya mkono wa kushoto. Kanga au shuka. Kipande cha boksi gumu chenye urefu wa kama sentimita 40, kitakachosimama mezani kama ukuta. Brashi mbili ndogo za rangi zinazofanana. Chaki na rula. Jaza glavu mchele au mchanga mkavu hadi vidole vikae vizuri, kisha uifunge kifundoni kwa uzi. Usiipulizie hewa, kwa maana glavu yenye hewa huvimba na vidole hutanuka kama chuchu za ng'ombe, na hakuna ubongo utakaoutambua mkono wa namna hiyo.

Mkalishe mshiriki mezani, mkono wake wa kushoto ukiwa nyuma ya boksi ambako hauoni, na glavu ikiwa mbele ya macho yake, upande wa ndani wa boksi, vidole vikielekea kulekule vinakoelekea vya mkono wenyewe. Umbali kati ya glavu na mkono usizidi sentimita 25 hivi, kwa sababu tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba glavu ikiwekwa mbali zaidi kiinimacho, yaani ile hisia kwamba glavu ni mkono wako, hufifia. Tandaza kanga kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha glavu ili mkono uonekane unatoka mwilini. Wengi huidharau kanga hii, nami niliidharau mara ya kwanza, nikashangaa kwa nini washiriki watatu mfululizo walitazama glavu kwa uchovu kama watu wanaosubiri foleni benki.

Chukua kipimo kabla ya kuanza. Mwambie mshiriki afumbe macho na apitishe kidole cha shahada cha mkono wa kulia chini ya meza hadi pale anapodhani kiko chini kabisa ya kidole cha shahada cha kushoto. Weka alama ya chaki hapo. Baada ya jaribio atarudia tendo lilelile, nawe utapima tofauti ya alama mbili kwa rula.

Sasa shika brashi mbili. Pitisha moja juu ya kidole cha glavu na nyingine juu ya kidole hichohicho cha mkono uliofichwa, kwa wakati mmoja, kwa mwelekeo mmoja na kwa urefu uleule. Badilisha vidole bila mpangilio: mara mpapaso mrefu, mara kugusa mara mbili na kuacha. Mshiriki aitazame glavu tu. Botvinick na Cohen waliendelea kwa dakika 10, ingawa wengi huanza kuhisi jambo mapema zaidi.

Nilimfanyia jaribio hili shangazi yangu, fundi cherehani aliyestaafu, mtu wa mikono ambaye alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila kuangalia. Dakika ya pili aliacha kuzungumza. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hii brashi naisikia kule." Nikamwuliza, "Kule wapi, shangazi?" Akaonyesha glavu kwa kidevu, kwa kuwa hakutaka kuutikisa mkono. Kiswahili hapa kimetuwekea neno zuri, kwani kitenzi hichohicho cha kusikia sauti ndicho tunachosikia nacho baridi, njaa na maumivu. Shangazi hakulazimika kutafuta neno jingine. Nilipoangusha mwiko ghafla karibu na glavu, mkono wake uliokuwa nyuma ya boksi uliruka na chai ikamwagika. Alama ya chaki ilikuwa imesogea karibu sentimita 4 kuelekea kwenye glavu.

Baada ya hapo, fanya lile ambalo wengi huliruka. Rudia kila kitu, lakini safari hii brashi ya mkono wa kweli iifuate ile ya glavu kwa kuchelewa nusu sekunde hivi. Glavu ni ileile, kanga ni ileile, mshiriki ni yuleyule, na bado kiinimacho kitavunjika au kitapungua sana. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Sotaro Shimada waliupima uchelewaji huo kwa picha za video mwaka 2009, wakaona kwamba chini ya milisekunde 300 hivi mkono wa mpira bado unakubalika, na kwamba zaidi ya hapo ubongo huanza kuukataa. Miaka minne kabla yao, Manos Tsakiris na Patrick Haggard walikuwa wameonyesha kwamba mkono wa mpira ukigeuzwa nyuzi 90, au mahali pake pakiwekwa kipande cha mti, mambo huharibika hata brashi zikienda pamoja. Jaribu hayo yote mawili. Ukimaliza utakuwa umezigusa kwa mikono yako kanuni utakazozihitaji ndani ya miwani: guso na picha vije wakati mmoja, mkao uwe ule ambao mwili unaweza kuwa nao, na umbo lifanane na kiungo.

Kuhusu yanayotokea kichwani, Henrik Ehrsson na wenzake waliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakati jaribio likiendelea, na matokeo yakatoka katika jarida la Science mwaka 2004. Sehemu ya gamba la ubongo iliyo mbele kidogo ya ile inayoamrisha misuli ilichangamka zaidi kadiri mtu alivyosema kwa nguvu zaidi kwamba mkono ule ni wake. Kwa nyani, eneo kama hilo lina seli ambazo huitika mkono unapoguswa na pia jicho linapoona kitu kinausogelea mkono huo. Seli inayochanganya guso na mwono namna hii ndiyo mlango ambao uhalisia pepe hupitia.

Kuiandaa miwani

Miwani ya kuchomeka simu haitafaa. Simu hutambua kichwa kimegeukia wapi, lakini haitambui kwamba umeinama mbele au umesogea kando, wala haiioni mikono yako. Kwa hiyo ukiinua mkono, ndani ya picha hakuna kinachoinuka, na ushahidi wa misuli unabaki bila wa kuuunga mkono. Tafuta miwani inayojitegemea, yenye kamera upande wa nje, inayofuatilia mwendo wa kichwa na kuichora mikono bila vidhibiti. Aina kadhaa zilizoko sokoni, Meta Quest ikiwa mojawapo, huweza kufanya hivyo.

Rekebisha kwanza umbali wa lenzi. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima ni wastani wa milimita 63, lakini watu hutofautiana, na miwani iliyokosewa kwa milimita chache huleta maumivu ya macho na kuupotosha ukubwa wa vitu, jambo litakaloharibu vipimo vyako vyote. Shika rula kwa ulalo chini ya macho ya mshiriki akiwa anatazama mbali, soma, kisha weka. Hatua inayofuata ni usawa wa sakafu: sakafu ya kwenye picha ikiwa juu au chini ya ile ya kweli kwa sentimita 10, miguu itasema jambo moja na macho jingine tangu mwanzo.

Mwanga wa chumba uwe wa kutosha ili kamera ziione mikono, lakini jua lisiingie moja kwa moja. Lenzi za miwani hukusanya miale ya jua kama kioo cha kukuzia na huweza kuunguza kioo cha ndani kwa muda mfupi sana, kwa hiyo usiiache dirishani wala barazani hata kwa dakika chache.

Kasi ya picha iwe 72 kwa sekunde au zaidi. Watengenezaji hujitahidi muda kati ya kichwa kugeuka na picha kugeuka usizidi milisekunde 20, kwa sababu muda ukirefuka dunia huonekana kuyumba na tumbo huanza kulalamika. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaonunua miwani kwa kutazama ung'avu wa picha. Mwili uliochorwa kama katuni lakini unaokwenda sambamba na wako utakubalika, ilhali mwili wenye vinyweleo na mishipa ya damu unaochelewa kidogo utaonekana kama sanamu linalokuiga.

Tenga eneo lisilo na kitu, lenye mita 2 kwa 2, na chora mpaka wake ndani ya miwani hata kama utakaa kitini. Mimi nilijiona mjuzi, nikauacha mpaka, nikanyoosha mkono kushika tunda lisilokuwepo na kuiangusha chupa ya chai iliyokuwepo. Awepo pia msimamizi asiyevaa miwani, ambaye kazi yake ni kumtazama mshiriki, wala si kutazama simu.

Kuingia mwilini

Mshiriki akae kwenye kiti kisicho na magurudumu. Sababu ni kwamba miwani inajua kwa hakika mahali pa kichwa na mikono. Viwiko, kiuno na miguu huvikisia. Mtu akikaa, nyayo zikiwa sakafuni, makisio yana nafasi ndogo ya kukosea. Chagua programu yenye mwili mzima unaoonekana ukiinama, na yenye kioo cha kujitazamia. Vyumba vingi vya mazungumzo ndani ya uhalisia pepe vina kioo ukutani. Mwili wa kwanza uwe na jinsia, kimo na unene unaokaribiana na wa mshiriki, na mabadiliko yaje baadaye.

Usianze na kioo. Mwambie ainamishe kichwa atazame kifua, mapaja na magoti ya mwili pepe kutoka machoni mwake mwenyewe, kwa utulivu, kwa nusu dakika. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Barcelona lililochapishwa mwaka 2010, Mel Slater na wenzake waliwavalisha wanaume watu wazima mwili pepe wa msichana. Waliouona mwili huo kutoka kwenye macho yake waliuhisi kuwa wao zaidi sana kuliko waliouona kutoka pembeni, na msichana alipopigwa kofi na mhusika mwingine, mapigo ya moyo ya washiriki yalibadilika kulingana na walivyotazama. Pembe ya kutazamia ndiyo iliyokuwa na nguvu kubwa kuliko mambo mengine waliyoyajaribu.

Kisha mikono. Avihesabu vidole polepole, avigeuze viganja, akunje ngumi na kuifungua. Mwendo uwe wa taratibu, kwa maana kamera hupoteza mkono unaokwenda kasi au unaopita nyuma ya mwingine, na kila mkono unapotoweka kwa nukta moja, imani hupungua. Baada ya dakika mbili aguse paja lake. Hii ni hatua rahisi ambayo sijaona ikisisitizwa vya kutosha: mkono pepe unapogusa paja pepe wakati uleule ambapo mkono wa nyama unagusa paja la nyama, unapata brashi mbili za Botvinick bila brashi wala msaidizi. Ikiwa paja pepe liko mbali na la kweli kwa upana wa vidole viwili au vitatu, rekebisha kimo au kiti kwanza, usiendelee kwa matumaini.

Kama programu inaruhusu kuweka alama ya meza ya kweli, iweke, ili mshiriki anapopiga meza pepe kwa viganja akutane na mbao. Guso lolote la kweli linalofika pale jicho linapolitarajia lina thamani kuliko mapambo kumi ya picha.

Sasa ndipo ageukie kioo. Ainue mkono mmoja, atikise kichwa, ainame kulia na kushoto, kwa dakika tatu hadi tano. Msimamizi asimwulize "Unahisi ni mwili wako?" Kuna sababu nzito ya kunyamaza. Mwaka 2020 Peter Lush na wenzake walichapisha utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba watu ambao huhisi kwa urahisi jambo wanaloambiwa walihisi ndio pia wanaokihisi zaidi kiinimacho cha mkono wa mpira. Sehemu ya matokeo ya miaka hiyo yote inaweza kuwa imetokana na washiriki kujua walichotarajiwa kuhisi. Kwa hiyo eleza kazi za kufanya tu, na maswali yaandike kwenye karatasi ya kujazwa miwani ikishavuliwa: "Mikono niliyoiona ilikuwa yangu", "Niliamrisha mwendo wake", na mengine mawili au matatu ya uongo, kama "Nilihisi nina mikono mitatu", ili umtambue anayekubali kila kitu. Kila sentensi apewe alama kuanzia hasi 3 hadi chanya 3. Akili ni nywele; wapo watakaojaza hasi 3 kila mahali, nao pia waandikwe.

Kubadilisha umbo

Hatua hii ndiyo inayowavutia wengi, na ndiyo yenye matokeo ya ajabu zaidi. Mwaka 2011 Björn van der Hoort, Arvid Guterstam na Ehrsson, katika taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, waliwalaza watu chali wakiwa na miwani iliyowaonyesha, mahali pa miguu yao, miguu ya sanamu. Miguu ya kweli na ya sanamu ilipapaswa kwa pamoja. Waliopewa mwili mdogo wa mwanasesere waliona vitu kuwa vikubwa na viko mbali, na waliopewa mwili wa mita 4 waliona vitu kuwa vidogo na viko karibu. Mwili, kwa maneno mengine, ndio rula ambayo ubongo hupimia dunia; rula ikifupishwa, dunia hurefuka.

Miaka miwili baadaye Domna Banakou, Raphaela Groten na Slater waliongeza jambo ambalo binafsi naliona kuwa zito zaidi. Watu wazima walivalishwa mwili pepe wa mtoto wa miaka 4 au mwili wa mtu mzima uliopunguzwa hadi kimo kilekile. Makundi yote mawili yalivikadiria vitu kuwa vikubwa kuliko vilivyo, lakini waliokuwa ndani ya mwili wa mtoto walizidisha zaidi, na pia walikuwa wepesi zaidi kujihusisha na sifa za kitoto. Vimo vililingana, kwa hiyo urefu peke yake hautoshi kuieleza tofauti hiyo. Ubongo ulikuwa umechukua pamoja na umbo kile unachokijua kuhusu mwenye umbo hilo.

Unaweza kufanya kipimo cha aina hii kwa kutumia futi kamba ya fundi cherehani. Mshiriki akiwa katika mwili unaofanana na wake, mwonyeshe sanduku pepe, kisha afumbe macho na kutenganisha viganja kwa upana anaoudhani. Msimamizi apime nafasi kati ya viganja. Fanya hivyo kwa masanduku matatu ya ukubwa tofauti. Punguza kimo cha mwili hadi nusu, mpe dakika tano nyingine za mikono, mapaja na kioo, na upime upya kwa masanduku yaleyale yaliyochanganywa mpangilio. Usiruke dakika hizo tano. Mwili uliopunguzwa bila kuzoewa hubadilisha tu mahali pa kutazamia, na mshiriki atajisikia kama mtu aliyechuchumaa.

Mikono mirefu pia inawezekana. Konstantina Kilteni na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba mkono pepe uliorefushwa hadi mara tatu ya wa kawaida bado hukubaliwa na wengi, mradi guso na picha vipatane. Wewe urefushe hatua kwa hatua, wala si kwa mara moja: asilimia 20 kila baada ya dakika mbili.

Kuna madai mengine ambayo ningekushauri uyachukue kwa tahadhari. Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti mwaka 2007 kwamba waliopewa miili mirefu walikaza zaidi katika majadiliano ya kugawana fedha kuliko waliopewa mifupi. Tabitha Peck na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba watu weupe waliovaa mwili wa mtu mweusi walipungukiwa na upendeleo wa rangi uliofichika. Habari hiyo ya pili ilisambaa sana, ikawa kana kwamba ubaguzi umepatiwa kidonge. Mwaka 2020 kundi la Barcelona lenyewe lilionyesha kwamba yanayompata mtu akiwa ndani ya mwili huo yana uzito mkubwa: wanaomzunguka wakimtendea vibaya, upendeleo haupungui. Kwa hiyo usiandae zoezi la shule la "kuvaa ngozi ya wengine" ukitarajia watoke wakiwa watu wema.

Yale ya kuwaachia wenye taaluma

Hospitali na maabara hutumia kanuni hizihizi. V. S. Ramachandran, katika miaka ya 1990, alitumia sanduku lenye kioo cha kawaida kwa waliokatwa mkono na bado wanausikia ukiuma. Mkono mzima huakisiwa mahali pa uliokosekana, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu. Katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Anouk Keizer na wenzake waliwapa wanawake wenye ugonjwa wa kujinyima chakula mwili pepe wenye unene wa kawaida, na makadirio yao ya ukubwa wa miili yao yakasogea karibu na ukweli.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya timu ya Miguel Nicolelis mjini São Paulo, iliyochapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 8 waliopooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo walijifunza kwa miezi 12 kuitembeza miguu pepe kwa mawimbi ya ubongo, kisha kutumia mashine za kutembezea. Miguu yao haikuwa na hisia, hivyo mitetemo iliwekwa kwenye mikono yao, chini ya kiwiko, ikifuata kila hatua ya mwili pepe. Baada ya mazoezi waliweza kutofautisha kama miguu pepe inakanyaga mchanga, majani au barabara ya lami, na wote walirudishiwa kiasi fulani cha hisia au cha mwendo chini ya mahali palipoumia. Ilichukua mwaka mzima, wataalamu wengi na vifaa vizito. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani asidhani kwamba miwani ya kukodi itafanya kazi hiyo, na kioo cha tiba kisimamiwe na mtaalamu wa fiziotherapia.

Usimpe miwani mtu mwenye kifafa, wala anayepitia kipindi cha kuona au kusikia yasiyokuwepo, wala anayeelemewa na hisia ya kujiona nje ya mwili wake. Watoto wadogo wasishiriki; watengenezaji wenyewe huweka umri wa chini, na Meta kwa mfano imeuweka kuwa miaka 10.

Kutoka

Kichefuchefu hutokea pale macho yanaposema tunakwenda na sikio la ndani likasema tumekaa. Msafiri wa boti ya Dar es Salaam na Unguja aliyejifungia chumba cha ndani hupatwa na kinyume chake: sikio linapanda na kushuka mawimbi, macho yanaona viti vimetulia. Matapishi ni yaleyale. Ndiyo maana mazoezi yote ya hapa ni ya kukaa, na programu inayomsogeza mshiriki kwa kijiti cha kidhibiti ilhali amekaa isitumike. Dalili za awali ni jasho jembamba usoni, miayo na ukimya wa ghafla. Msimamizi akiziona asiulize mara mbili, avue miwani.

Kikao kimoja kisizidi dakika 20. Kama umefupisha mwili au kurefusha mkono, usivue miwani ukiwa katika umbo hilo. Mrudishe mshiriki kwanza kwenye mwili unaolingana na wake, aguse mapaja na meza kwa dakika mbili, afumbe macho, ndipo uvue. Akishafumbua, atazame kitu kimoja cha mbali kilicho imara, kama nguzo au mti nje ya dirisha, asugue viganja, akanyage sakafu bila viatu, kisha arudie kuigusa pua kwa macho yaliyofumbwa. Akiikosa kwa kiasi kikubwa kuliko mwanzo, aendelee kukaa.

Asiendeshe gari wala pikipiki, asipande ngazi ya kuegemeza, na asishike kisu cha jikoni hadi nusu saa ipite na pua ipatikane bila kusitasita. Ikiwa baada ya saa moja bado anasema mikono yake inaonekana kuwa ya mtu mwingine, asivae tena siku hiyo, alale mapema, na asubuhi umpigie simu.